Vinasaba, Maabara na Heshima ya Nasaba

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, wazazi wengi hujiuliza: yawezekanaje mate kidogo ya mtoto yakamtambulisha baba yake? Jibu ni kwamba wataalamu huanza kwa kukizidisha kile kidogo. Mbinu hiyo, ijulikanayo kwa herufi PCR, ilibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Kary Mullis, ambaye alikuwa mmoja wa waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1993.

Vinasaba, yaani DNA, ni mfano wa kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Ndani ya mashine hupashwa joto la kiasi cha sentigredi 95, nyuzi zikaachana. Joto hushushwa hadi kama 55, na vipande vifupi vilivyotengenezwa makusudi vikanata kwenye mipaka ya sehemu inayotakiwa. Kisha joto hupandishwa hadi 72, na kimeng'enya kiitwacho polimeresi kikaujengea kila uzi mwenziwe. Kimeng'enya hicho hustahimili moto kwa kuwa asili yake ni bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Subhanallah!

Moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Baada ya duru 30, kazi ya saa chache tu, nakala moja yaweza kuzaa zaidi ya bilioni moja.

Lakini hapa ndipo penye mtihani. Mashine huzidisha ilichopewa, wala haiulizi ni cha nani. Chembe ya ngozi ya mpimaji ikidondokea kichupani, nayo huzidishwa. Ndiyo maana maabara makini hupima pia kichupa kisichotiwa vinasaba. Kikitoa jibu, kazi nzima hurudiwa. Kwa hiyo nyuma ya kila cheti cha majibu ipo amana ya mwanadamu.

Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita, walipokutana Makka Januari 2002, waliruhusu kipimo hiki pale mtoto anapogombaniwa, watoto wanapochanganywa hospitalini, au maiti wa maafa wasipotambulika. Hata hivyo, hawakukubali kishike nafasi ya liani, kile kiapo cha mume na mke mbele ya kadhi, katika kukana mtoto. Wala kisitumike kuchunguza nasaba iliyokwisha kuthibiti kisheria.

Basi ewe baba unayechochewa na maneno ya barazani umpeleke mwanao maabara kwa siri, tafakari. Suratul Hujurat imetufunza kuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu. Uvumi nao huzidi kama nakala za mashine ile: mmoja huambia wawili, wawili wakaambia wanne, na heshima ya mama ikishavunjwa, hakuna maabara ya kuirudisha.

Wabillahi tawfiq.