Kipele Chini ya Rangi

Kilianza kama kipele. Juu ya tairi la nyuma, upande wa kushoto, pale ukingo wa bodi unapojikunja kuingia ndani, rangi nyeupe ya Corolla yangu ilikuwa imetuna kiasi cha punje ya dengu. Nilikibonyeza kwa ukucha, kikapasuka, likatoka tone la maji yenye rangi ya chai. Gari lina miaka 19, na saba ya mwisho limelala Kigamboni, nusu kilomita kutoka baharini. Kwa umri huo na makazi hayo, kuwa na kipele kimoja tu ni bahati.

Fundi wa bodi niliyempelekea alinitajia bei ya kumaliza kazi mchana uleule: msasa kidogo, puti, rangi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, mzee," akanikumbusha. Methali ni nzuri, ila kwa kutu inapotosha. Ufa wa ukuta ukizibwa hunyamaza. Kutu ikizibwa ndiyo kwanza inapata chumba cha kulia.

Kwa nini iwe hivyo, alilionyesha mwanasayansi wa Cambridge, Ulick Evans, katika miaka ya 1920, kwa jaribio ambalo mwanafunzi wa sekondari anaweza kulirudia. Chukua kipande cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa, ukidondoshee tone moja la maji ya chumvi. Ndani ya tone tia dawa mbili za maabara: moja hugeuka buluu panapoyeyuka chuma, nyingine hugeuka waridi panapozaliwa alkali. Subiri. Kwa kuwa kutu huhitaji oksijeni, mtu angetarajia chuma kiliwe zaidi ukingoni mwa tone, ambako hewa ni nyingi. Huwa kinyume. Ukingo unageuka waridi na kubaki salama. Katikati, ambako oksijeni ni haba, panageuka buluu. Hapo ndipo chuma kinapoliwa.

Tone lile ni betri ndogo. Katikati, chuma kinaachia elektroni na kuyeyuka majini. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma chenyewe hadi ukingoni, ambako oksijeni na maji huzipokea. Kati ya pande hizo mbili, chuma kilichoyeyuka kinakutana na alkali na oksijeni na kugeuka ile hudhurungi tunayoiita kutu. Kwa hiyo kutu unayoiona na shimo linalochimbwa si lazima viwe mahali pamoja. Panapopumua panapona, pasipopumua panaliwa.

Sasa rudi kwenye kipele. Rangi yote ya gari, pamoja na tabaka zake za chini, kwa kawaida ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Bati lenyewe huwa chini ya milimita moja. Kijiwe kimoja cha barabarani kinatosha kufungua tundu. Maji hupenya na kutambaa chini ya rangi hadi mahali hewa isipofika, na betri ya Evans inaanza kazi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, ndiyo maana rangi inainuka. Ukipaka puti juu yake, umeiongezea giza. Mbaya zaidi, puti hufyonza unyevu kama sponji pale rangi yake ya juu inapopata ufa.

Halafu kuna chumvi. Kila mwenye kopo la chumvi jikoni anajua inavyoloa na kushikana wakati wa masika. Wengine hutia punje za mchele ndani. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji unyevu wa hewa unapozidi kama asilimia 75, na usiku wa pwani hupita hapo bila shida. Chumvi ya bahari ina pia magnesiamu kloraidi, ambayo huloa hata kwenye asilimia 33 hivi. Maana yake, gari lililopigwa na upepo wa bahari linaweza kuwa na majimaji kwenye mikunjo yake hata wiki ambayo mvua haijanyesha. Na kloraidi haiishi. Hujikusanya ndani ya shimo, hufanya maji yake yawe na asidi, na shimo huzidi kuchimbika.

Tusiisingizie bahari yetu peke yake. Mengi ya magari yetu yalitumika kwanza Japani, na katika maeneo ya baridi kama Hokkaido barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji na barafu. Gari linaweza kushuka bandarini likiwa na rangi inayong'aa juu na magamba chini. Ukitaka kununua, lala chali ulitazame tumbo. Beba na sumaku iliyofungwa kitambaa: pale isiponata kwenye bati, kuna puti nene.

Kwa hiyo fundi wa kwanza nilimwacha. Gereji ya pili ilinichukua siku mbili. Fundi alikwangua kwa brashi ya waya na msasa, na kipele cha dengu kikawa kidonda cha ukubwa wa kiganja, chenye vishimo vyeusi. Hakuishia kwenye mpaka wa kutu. Alikwangua hadi rangi nzima iliyoshika, na zaidi kidogo. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitegemea: akapaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, akasugua, akaosha tena, akapakausha vizuri. Kutoa kutu na kuiacha chumvi vishimoni ni kupanda mbegu upya. Baadaye alipaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, inayogeuza mabaki ya kutu kuwa tabaka tulivu. Dawa nyingine hutumia tanini, jamaa ya ile inayoufanya msumari uliolowekwa kwenye chai kuwa mweusi, na ambayo imejaa katika magome ya mikoko yetu.

Praima ya epoksi ilipakwa siku ileile, maana bati tupu likilala usiku mmoja pwani huamka na kutu changa. Puti ikaja juu ya praima, kidogo sana, kisha rangi.

Mabati mengi ya magari ya kisasa hupakwa zinki, ambayo hukubali kuliwa badala ya chuma. Wenye boti za injini wana vipande vyao vya zinki, na huvibadilisha vikiisha. Wazo hilo mwanakemia Humphry Davy aliwapelekea wanamaji wa Uingereza mwaka 1824 kwa meli zilizovikwa shaba. Shaba ilipona, lakini kwa kuwa haikuvujisha tena sumu yake, viumbe vya bahari na majani vikaota juu yake, meli zikawa nzito. Kwa gari hatuna taabu hiyo. Taabu yetu ni grinda: inaondoa kutu na zinki pamoja, na fundi asipoirudishia kwa praima bora amelivua gari nguo.

Oili chafu ambayo wengi hupuliza chini ya gari huzuia maji kwa muda, lakini hunasa vumbi, hulainisha raba, na kudondoka kwenye udongo wa uani kwako. Mimi siipendekezi. Nta ya kupuliza ndani ya mikunjo ni bora, na maji ya bomba ni bora kuliko vyote kwa bei yake.

Jumamosi hii fungua milango minne na uangalie ukingo wake wa chini. Utaona vitundu vidogo vya kutolea maji. Vizibue kwa kijiti, kisha inua kapeti la dereva na uliguse kwa chini. Likiwa bichi, lianike kabla hujafikiria rangi.