Nyimbo za Krismasi dukani: raha kwa huyu, karaha kwa yule

KILA mwaka, mwezi wa Novemba hata haujafika katikati, supamaketi za Nairobi, Mombasa na Kisumu huanza kupiga nyimbo za Krismasi. Aghalabu ni zile zile: albamu ya Boney M ya 1981, sauti tulivu ya Jim Reeves, aliyefariki 1964 lakini hufufuka kila Desemba, na kwaya za hapa nyumbani. Mteja aliyeingia kununua unga na mafuta ya kupikia hupokewa nazo mlangoni, zikamfuata kwenye rafu za sabuni, zikamsindikiza hadi kwa keshia.

Mkristo ambaye tayari amekata tiketi ya basi kwenda mashambani huenda akachangamka, hata akaimba kidogo akiwa kwenye foleni. Lakini je, mtu asiye na dini husikia nini? Swali hili halihusu watu wawili watatu. Katika hesabu ya watu ya 2019, Wakenya zaidi ya 755,000 walihesabiwa kuwa hawana dini. Ongeza Waislamu zaidi ya milioni tano, na Wahindu, nao wote hununua unga pale pale.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo lililo karibu sana na hili. Mwaka 2010, Michael Schmitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, walichapisha utafiti ambapo wanafunzi waliketi katika chumba kidogo na kujaza fomu kuhusu hisia zao. Baadhi waliwekewa mti mdogo wa Krismasi chumbani, wengine hawakuwekewa. Waliozoea kusherehekea sikukuu hiyo kwa jumla walifurahi zaidi mti ulipokuwepo. Wasioisherehekea, wakiwemo Mabudha na Masingasinga, walipungukiwa na furaha na kujiona kama wageni mahali walipopazoea.

Utafiti huo haukusema kwamba mapambo ya Krismasi huleta ugonjwa. Ulipima hisia za muda mfupi, nao ulihusu mti, si wimbo. Hata hivyo, mti ukikuudhi unaweza kuupa kisogo. Wimbo hukufuata hata ukigeukia ukuta.

Hapa Kenya kuna jingine. Mtu hukutana na jirani mpya, na kabla hata ya kuulizwa anatoka wapi ataulizwa anasali kanisa gani. Wengi wasioamini hujibu kwa kutaja kanisa la wazazi wao ili mazungumzo yaishe. Mtu aliyezoea kujificha hivyo, wimbo wa dukani kwake ni ukumbusho mwingine kwamba kila mtu anadhaniwa kuwa muumini. Tusitie chumvi, lakini. Wapo wasioamini waliolelewa katika shule za Jumapili na ambao bado huzipenda nyimbo hizo kwa sababu zinawakumbusha mama jikoni akipika chapati. Na wapo waumini halisi ambao huzikwepa: aliyemzika mzazi Desemba, aliyefutwa kazi, anayehesabu karo ya Januari huku spika zikimhimiza afurahi. Muziki huamsha kumbukumbu haraka sana, wala hauulizi kwanza kama kumbukumbu hiyo ni njema.

Katika maduka ya Mombasa na ya Eastleigh, Nairobi, kaswida husikika mwezi wa Ramadhani, na hapo Mkristo huwa ndiye mgeni. Kipimo kinapaswa kuwa kimoja kwa wote.

Mwenye duka, kwa upande wake, hana nia ya kumbatiza mtu. Anataka mauzo. Mwaka 1982, mtafiti Mmarekani Ronald Milliman alionyesha kwamba muziki wa mwendo wa polepole uliwafanya wateja wa supamaketi moja watembee taratibu, na mauzo yakapanda kwa asilimia 38 kuliko wakati wa muziki wa kasi. Uingereza nako, utafiti uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba muziki wa Kifaransa ukipigwa, mvinyo wa Kifaransa hununuliwa zaidi, na wa Kijerumani ukipigwa, wa Kijerumani. Wanunuzi wengi hawakutambua kwamba muziki uliwaelekeza. (Na anayedhani nyimbo hizi zote ni za kanisa akumbuke kwamba "White Christmas" ilitungwa na Irving Berlin, ambaye alikuwa Myahudi.)

Mteja, hata akichukizwa, atalipa na kuondoka baada ya nusu saa. Anayestahili kuhurumiwa zaidi ni mfanyakazi. Keshia, mpangaji bidhaa na bawabu husikia nyimbo zile zile kumi na tano kuanzia asubuhi hadi usiku, kwa wiki sita. Wanasaikolojia wanajua tangu zamani kwamba wimbo hupendeza zaidi kadiri unavyozoeleka, lakini hufika mahali ukaanza kuchosha. Mtu anayelazimika kuupuuza huku akihesabu chenji hutumia nguvu za akili ambazo angezitumia kazini.

Kisha kuna sauti yenyewe. Tembea Luthuli Avenue, Nairobi, wiki moja kabla ya sikukuu, uone jinsi spika zinavyowekwa mlangoni na kuelekezwa barabarani huku mhudumu akisimama kando yake mchana kutwa. Kanuni za Kenya za 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Shirika la Afya Duniani, katika ushauri wake kwa wasikilizaji wa muziki, ni kali zaidi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na sauti ikifika 90, saa nne tu kwa wiki nzima. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikiharibika hazioti tena. Kelele za muda mrefu pia huhusishwa na shinikizo la damu na kukosa usingizi, na hapo haijalishi kama wimbo unamsifu Yesu au unatangaza magodoro.

Tiba yake si ghali. Meneja anaweza kupunguza sauti, kuchanganya nyimbo za sikukuu na nyinginezo, na kuwabadilishia wafanyakazi zamu ili asiwepo anayekaa chini ya spika siku nzima. Nchini Uingereza, maduka ya Morrisons yalianza 2018 kuzima muziki kwa saa moja kila Jumamosi asubuhi kwa ajili ya wateja wenye usonji. Mteja anayekereka naye anaweza kwenda mapema asubuhi akiwa na orodha yake, na kumwomba meneja kwa upole apunguze sauti. Ombi kuhusu sauti hukubaliwa kwa urahisi kuliko mjadala kuhusu Mungu. Spika za barabarani zikizidi, malalamiko yapelekwe kwa kaunti, ambayo Katiba ya 2010 iliikabidhi udhibiti wa kelele.

Mfanyakazi ambaye masikio yake yanavuma baada ya zamu, au ambaye hulazimika kupaza sauti ili asikike na mtu aliye hatua moja mbele yake, asisubiri Januari. Aende kliniki ya masikio apimwe, na amweleze daktari yuko karibu na spika kwa saa ngapi kila siku.