Mchezo wa Vitendawili

Jioni, chakula kikiwa bado jikoni, watoto hukaa pamoja na kutegana vitendawili. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Naye hutega: "Kuku wangu katagia miibani." Huyu hujibu ndizi, yule fenesi, nao huchekwa. Wakishindwa kabisa, mtegaji hudai mji, maana huo ndio ujira wake. Akipewa kijiji kidogo huenda akakataa. Akipewa Mombasa hukubali. Kisha hujisifu kwamba alikwenda huko, akala pilau na kuku wa kupaka, na hao walioshindwa wana njaa! Ndipo hufumbua: ni nanasi, ambalo huzaliwa katikati ya majani yenye miiba. Hapo kila mmoja husema alikuwa karibu kulitaja.