MBEGU NA PINGILI: NJIA MBILI ZA UZAZI NA MAANA YAKE KWA MKULIMA

Kila kiumbe chenye uhai hufa, lakini jamii yake hudumu kwa sababu kabla ya kufa huacha mfano wake. Kazi hiyo ndiyo iitwayo uzazi. Wakulima wa Ngulyati, Bariadi, huishuhudia kila msimu: huku hufukiwa mbegu za pamba, na kule huchomekwa pingili za mihogo na marando ya viazi vitamu. Yote huitwa kupanda, lakini kwa hakika ni njia mbili tofauti za uzazi, na kila moja ina faida na hatari yake. Katibu wa chama agawaye mbegu, na mwanachama azipokeaye, hawana budi kuzifahamu.

Njia ya kwanza: uzazi wa dume na jike

Katika njia hii mbegu ya kiume huungana na yai la kike, na kiumbe kipatikanacho hurithi sehemu kutoka kila upande. Ndivyo wazaanavyo ng'ombe na kuku. Ua la pamba lina viungo vyote viwili ndani yake. Asubuhi hufunguka likiwa jeupe lenye umanjano; chavua, yaani unga wa kiume, hunasa juu ya kiungo cha kike, huota mrija mwembamba, na mrija huo huteremka hadi kwenye mayai yaliyomo ndani ya kitumba kichanga. Siku ya pili ua hugeuka jekundu, kisha hunyauka, na kitumba huendelea kukua.

Mara nyingi ua la pamba hujichavusha lenyewe. Hata hivyo, nyuki huweza kuhamisha chavua kutoka mche mmoja hadi mwingine. Mchanganyiko wa namna hiyo ukiongozwa na mtaalamu huleta heri, kwani watoto hutofautiana na walio bora huchaguliwa. Kwa kazi kama hiyo watafiti wa Ukiriguru, mkoani Mwanza, walipata aina za pamba kama UK 91, zinazobeba herufi za mwanzo za jina la kituo chao. Lakini mchanganyiko usio na mwongozo huharibu. Aina mbili zikipandwa jirani, au mbegu zikichanganywa ghalani, kizazi kifuatacho huwa na nyuzi zisizolingana. Baada ya misimu michache gunia huendelea kubeba jina la aina bora, ilhali aina yenyewe imekwisha kupotea.

Njia ya pili: uzazi usiohitaji dume na jike

Hapa kiumbe kimoja hutoa kingine kutoka katika mwili wake. Bakteria hujigawa kuwa wawili, hamira huchipua, pingili ya muhogo huota mizizi na majani. Hata baadhi ya wadudu hufanya hivyo. Vidukari, ambao wakulima huwaita wadudu mafuta, katika nchi za joto huzaa bila dume: jike huzaa majike walio hai, nao baada ya siku chache huanza kuzaa. Ndiyo sababu shamba la pamba lililokuwa safi laweza kujaa wadudu hao kwa muda mfupi.

Muhogo uliootokana na pingili ni shina lile lile la zamani lililoendelezwa. Likiwa na mizizi mingi na mitamu, mashina yatokayo kwake yatafanana nalo. Lakini na ugonjwa pia huendelezwa. Batobato la mihogo lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanga. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, na pia husafiri ndani ya pingili. Shina lenye michirizi laweza kuonekana zima, kumbe mizizi yake imeoza. Hivyo mwanachama ampaye jirani mzigo wa pingili kwa ukarimu, pengine humpa njaa ya mwaka ujao.

Njia mbili zikisaidiana

Muhogo nao huchanua na kuzaa mbegu. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Amani waliuzalisha pamoja na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceara, ili kupata mihogo inayostahimili magonjwa. Uzazi wa dume na jike ulileta sifa mpya. Kisha pingili zikazihifadhi na kuzieneza sifa hizo.

Yawapasayo viongozi wa vyama

Kwanza, chama kisigawe mbegu za pamba zisizojulikana zilikotoka, wala kisichanganye aina mbili ghalani. Jina la aina na tarehe ya kupokelewa viandikwe daftarini.

Pili, pingili zikaguliwe zikiwa bado shambani, wakati majani yapo. Penye mabaka au majani yaliyojikunja zisikatwe. Mashina machache yang'olewe na mizizi yake ipasuliwe.

Tatu, marando yachukuliwe kwenye mashina yenye afya tu, na yaliyodumaa yang'olewe.

Mbegu njema ni mali ya chama kizima. Uzembe wa mmoja katika kuzitunza hulipwa na wote siku ya mavuno.