Benchi, kutoka uwanjani hadi mlimani

Mpenzi wa soka wa Morogoro akikuambia kijana fulani msimu huu anasugua benchi, huhitaji kamusi. Ukisikia benchi la ufundi limetimuliwa, unajua kwamba aliyeondoka ni kocha na wasaidizi wake. Kiti chenyewe kiko palepale uwanjani. Waingereza nao wana tabia hiyo ya kuwaita watu kwa jina la kiti chao. Kwao majaji ni benchi, na mbunge asiye na uwaziri hutambulishwa kwa benchi la nyuma analokalia.

Neno ni la kale. Lilitoka katika lugha zilizozaa Kiingereza na Kijerumani, na Kiingereza cha zamani kililitamka *benc*. Mzizi huohuo uliingia Italia ukawa *banca*, meza ambayo mbadili fedha aliweka sarafu zake. Kwa hiyo benchi na benki ni ndugu wa ukoo mmoja, na mfanyabiashara aliyefilisika huitwa na Waingereza *bankrupt*, kutokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya benchi lililovunjika. Hata karamu, *banquet*, ilianza kama kibenchi kidogo. Wapimaji ardhi walichonga alama jiweni ili kuegesha chuma cha kushikilia ufito wao wa kupimia, nayo ikaitwa *benchmark*. Siku hizi kila mtoa mada kwenye semina analo neno hilo mdomoni, ingawa jiwe lenyewe hajaliona.

Lakini ni kwenye milima ya Uluguru, huko Morogoro, ambako benchi lilileta ugomvi. Katika kilimo, benchi ni sehemu bapa inayochimbwa kukata mteremko, moja juu ya nyingine, ili maji ya mvua yapunguze kasi na udongo usiteremke mtoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe mashamba yao hivyo. Kwenye karatasi hoja ilikuwa nzuri, kwani mito ya Uluguru huingia mto Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Lakini mahali pengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukichimba benchi unaufukia, na kuleta juu udongo usiozaa. Kazi ilikuwa ngumu, mavuno hayakuongezeka, na amri ilikuja na adhabu. Tena Waluguru walikuwa na ngazi zao wenyewe, walizotengeneza kwa kukwangua magugu na udongo kuelekea chini na kuyafukia yaoze. Nionavyo mimi, kosa kubwa la mpango ule lilikuwa kuwafundisha watu wa mlimani kama vile hawajawahi kulima mlimani.

Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, hukohuko Uluguru. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. TANU, chama cha kudai uhuru kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilipata wafuasi wengi milimani.

Zaidi ya miaka 50 baadaye benchi lilirudi Uluguru, eneo la Kibungo, kwa mlango mwingine. Mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi ambamo watumiaji wa maji ya Ruvu, likiwemo shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, waliwalipa wakulima wanaohifadhi miteremko. Safari hii mkulima alijiunga kwa hiari, na miongoni mwa njia alizochagua ilikuwamo ile iliyoenea zamani Machakos, Kenya: unachimba mfereji kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu uwe tuta, kisha mvua za miaka kadhaa zinausukuma udongo wa shamba hadi kwenye tuta hilo na kulisawazisha shamba. Benchi linajijenga lenyewe polepole, na udongo mzuri unabaki juu.

Njia hiyo inaitwa fanya juu. Wataalamu wanaoandika kwa Kiingereza hawakuitafutia jina lao. Hata Ethiopia, ambako Kiswahili hakisemwi, vitabu vya hifadhi ya udongo vinaiandika hivyohivyo, *fanya juu*.