"Rangi Wakilishi", si "Rangi Bandia"

Tangu Julai 12, 2022, zilipotolewa picha za kwanza za kisayansi za darubini ya anga za juu iitwayo James Webb, mshangao umekuwa mkubwa, na walimu wa Mbulu na Hanang wametuuliza: je, rangi zile ni za kweli?

Swali hili ni la kiistilahi pia. Darubini hiyo hupokea hasa mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Mkazi wa Mbulu anaifahamu kwa ngozi: usiku wa baridi, moto ukishazimika, mafiga huendelea kumpasha mikono ijapokuwa hayang'ai. Wataalamu huipa mionzi hiyo rangi kwa utaratibu maalumu, aghalabu mawimbi marefu nyekundu, mafupi buluu.

Wako wafasiri waandikao "rangi bandia". Hatukubaliani nao. Bandia ni mwanasesere, au kitu cha kughushi kama noti bandia. Mwanafunzi atadhani amedanganywa, na mwalimu atakosa la kumjibu. Tunapendekeza "rangi wakilishi". Tulifikiria pia "rangi tafsiri", lakini ilielekea kuwapendeza wafasiri peke yao.