Mto Usioijua Januari

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mto huko Marekani, jina lake San Juan. Unateremka kutoka milima ya Colorado na kuingia jimbo la New Mexico, na tangu enzi na enzi tabia yake ilikuwa kubadilika. Theluji ya milimani ikiyeyuka, ulifurika ukabeba tope. Joto likija, ulipungua ukawa vuguvugu. Baridi ikishika, kingo zake ziliganda. Kisha watu wakajenga bwawa. Bwawa la Navajo lilikamilika mwaka 1962, tuta la udongo na mawe lenye kimo cha meta 120 na ushei, na tangu hapo kipande cha mto kilicho chini ya tuta hilo hakijui kama ni Januari au Julai.

Humo wanaishi samaki waitwao trauti. Watu hutoka mbali kuja kuwavua katikati ya majira ya baridi, tena kwa nzi bandia, yaani ndoano iliyovishwa nyuzi ikafanana na mdudu. Nitawapitisha kwenye wikiendi moja ya uvuvi huo. Watakaotuongoza ni babu na mjukuu wake wa kike, msichana wa miaka 12. Hao nimewabuni mimi, lakini wanayoyafanya hufanyika pale kila mwaka.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, wamesimama ukingoni. Theluji iliyoanguka usiku imelala juu ya vichaka. Hewa iko nyuzi 8 chini ya sifuri, na ukungu unapanda kutoka majini.

"Babu, mbona mto unafuka? Maji yanachemka?"

"Tia kidole uone."

Msichana anavua glavu, anatia kidole, anakitoa mbio. Maji ni ya baridi kweli, yapata nyuzi 6 za Selsiasi. Lakini ukilinganisha na hewa ya siku ile, maji ndiyo yenye joto. Mvuke wake ukikutana na hewa hiyo, hugeuka ukungu papo hapo.

Joto hilo limetoka wapi? Hapa sikilizeni vizuri. Maji yakipoa husinyaa yakawa mazito zaidi, na mazito hushuka chini. Lakini hufanya hivyo hadi nyuzi 4 tu. Yakipoa kupita hapo huanza kuwa mepesi tena, na yakiganda huelea. Ndiyo maana barafu hukaa juu ya ziwa, haizami. Katika ziwa lenye kina kirefu, baridi kali inaweza kushika juu huku maji ya chini kabisa yakibaki karibu na nyuzi 4. Joto la kiangazi nalo hupasha maji ya juu, haliyafikii ya chini. Bwawa la Navajo hutoa maji yake kutoka kilindini. Kwa hiyo yanayoingia mtoni hayabadiliki sana mwaka mzima: Julai yanakuuma miguu kwa ubaridi, Januari yanakataa kuganda.

Mito isiyo na bwawa ina mambo mengine. Barafu hujijenga kingoni, na usiku wa baridi kali hata changarawe za chini huvikwa barafu. Trauti wa huko hujikusanya kwenye vilindi vilivyotulia, wakangoja.

Sasa tumwendee samaki mwenyewe. Wewe ukitoka nje kwenye baridi, mwili wako hupigana ubaki na nyuzi 37. Unatetemeka, unasikia njaa, unatafuta sweta. Trauti hana vita hivyo. Maji yakiwa nyuzi 6, naye ni nyuzi 6. Chakula tumboni mwake husagika polepole, na hamu ya kula hupungua. Haachi kula kabisa, ila hawezi kuponda mali: mdudu akimgharimu nguvu nyingi kuliko atakazompa, ni hasara. Hakai akafikiri kwa maneno, bila shaka. Ndivyo mwili wake ulivyoumbwa.

Hesabu hiyo ndiyo siri ya uvuvi wa majira ya baridi. Babu haelekezi mshipi mahali maji yanapokimbia na kutoa povu. Anamwonyesha mjukuu wake mstari ambapo mkondo wa kasi unapakana na maji yaliyotulia.

"Amelala upande wa maji yaliyotulia, karibu na chini," anasema. "Mkondo unamletea chakula. Anasogea kidogo, anafumbua kinywa, anarudi mahali pake. Kikipita mbali naye, hata umbali wa mkono mmoja, anakiacha kiende."

"Chakula gani, Babu, na theluji yote hii?"

Babu anazamisha kimia, anachota majani ya majini, anayatikisa juu ya kiganja. Wanabaki wadudu wembamba, wengine wekundu, wengine wa kijivu, wakijinyonganyonga. Ni mabuu wa vijinzi wanaofanana na mbu, ila hawaumi. Ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Victoria mnawajua jamaa zao: ni wale wanaopaa kwa mamilioni juu ya ziwa hata mtu wa mbali akadhani kuna moshi. Hawa wa San Juan hupatikana kila mwezi wa mwaka. Buu hukaa kwenye tope na majani. Siku zake zikitimia hugeuka bundo, ambalo ndani yake mbawa zinaundwa. Bundo hupanda polepole hadi juu ya maji, ngozi yake hupasuka, na kijinzi huruka. Katika kupanda huko bundo halina mbawa za kurukia wala mapezi ya kukimbilia. Trauti hupata mlo bila kutoka jasho.

Basi nzi bandia wa babu ni mfano wa bundo hilo. Ameufunga mwenyewe kwenye ndoano namba 24. Namba hizi huenda kinyume: namba ikikua, ndoano inapungua, na hii ni yapata nusu sentimita tu. Ameizungushia uzi mweusi, kisha waya mwembamba unaong'aa ili kuonyesha pingili za mwili, na mbele ameacha kivimbe kidogo cha uzi mahali pa kichwa. Kijino cha ndoano amekibana kwa koleo kikalala, maana sheria ya sehemu ile inataka ndoano isiyo na kijino, na kila trauti arudishwe majini.

Kitu chepesi hivyo hakirushiki. Mvuvi wa mshipi kule pwani hufunga risasi, na uzito wa risasi huuvuta mshipi kwenda mbali. Hapa mshipi wenyewe ndio mnene na mzito, ndio unaorushwa, na nzi hufuata nyuma akiwa kwenye uzi mwembamba usioonekana kirahisi. Babu ameongeza kipande kidogo cha uzito karibu na nzi ili ashuke kwa samaki, na juu zaidi chelezo la kuwaonyesha samaki anapouma. Anainua ufito, mshipi unaruka nyuma yake, anangoja unyooke hewani, ndipo anausukuma mbele. Huko kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Msichana anafanya haraka, na mshipi unamwangukia mabegani.

Kabla ya kuingia majini wote wawili wamevaa suruali zisizopitisha maji zinazofika kifuani, na babu amekaza mkanda wa mjukuu wake juu ya kiuno. Mtu akianguka, mkanda huzuia maji yasijae miguuni. Kwenye maji ya nyuzi 6 vidole hupoteza nguvu upesi, na baridi ikizidi hata akili hupumbaa. Ndiyo maana hawaendi zaidi ya magoti, na vidole vya miguu vikianza kufa ganzi wanatoka, wanakunywa supu ya moto kwenye chupa ya chai, wanatembea kidogo.

Kabla ya adhuhuri mshipi unagoma. Hautoki wala haurudi. Msichana anautazama ufito: matone yaliyobaki kwenye pete zake yameganda, na kila pete imezibwa na barafu. Anataka kuzigonga kwa jiwe.

"Utavunja ufito. Hebu fikiri, hapa tulipo ni wapi penye joto?"

Anafikiri. Kisha anauzamisha ufito mtoni, anahesabu kimoyomoyo, anauinua. Barafu imeyeyuka. Atalirudia jambo hilo mchana kutwa, na Jumamosi itaisha bila samaki hata mmoja.

Jumapili jua linatoka. Hawana haraka ya kuamka, kwa kuwa vijinzi huanza kupanda jua likishapasha kidogo, na saa za katikati ya mchana ndizo zenye baraka. Wakitafuta mahali pa kusimama, msichana anaelekea pale changarawe zilipong'aa, safi kuliko za jirani.

"Hapo usikanyage. Hicho ni kitanda cha mayai."

Trauti wa kahawia hutaga majira ya majani kupukutika. Jike hulala ubavu, akapiga mkia mpaka changarawe zikachimbika, akataga, kisha akafukia. Katika maji ya baridi ile mayai huchukua miezi miwili na zaidi kuanguliwa. Unyayo mmoja wa mvuvi unaweza kuyasaga.

Saa sita na nusu chelezo linasita. Halizami, linasita tu. Msichana anainua ufito, na ufito unapinda. Uzi ni mwembamba mno, hauvumilii mvutano, kwa hiyo samaki akikimbia, msichana anamwachia mshipi; samaki akipumzika, anaukunja. Mwisho kimia kinampokea trauti mwenye mstari wa waridi ubavuni na madoadoa meusi mgongoni.

"Lowesha mikono kwanza," babu anasema. Mwili wa samaki una ute unaomkinga na maradhi, na mkono mkavu huubandua. Wala hawamwinui ili kumpiga picha. Matamvua yake ni laini, na hewa ya baridi ile inaweza kuyagandisha. Ndoano inachomolewa samaki akiwa ndani ya maji, kichwa chake kinaelekezwa kwenye mkondo, na akishapata pumzi anajitoa mwenyewe mikononi.

"Amerudi nyumbani," msichana anasema.

Babu anacheka. "Nyumbani kwake si hapa." Yule mwenye mstari wa waridi asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki. Wa kahawia asili yake Ulaya, na mayai ya aina hiyohiyo ndiyo yaliyoletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905, yakatiwa Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, ambako kimo huleta ubaridi ambao ikweta ingewanyima. San Juan nao ulipandikizwa trauti baada ya bwawa kuwatengenezea maji baridi, safi, yenye oksijeni nyingi.

"Na kabla ya bwawa kulikuwa na nani?"

Kulikuwa na samaki wenyeji. Mmoja, Ptychocheilus lucius, zamani aliweza kufika karibu meta 1.8, urefu wa mtu mzima. Mwingine, Xyrauchen texanus, ana nundu nyuma ya kichwa. Walizoea mto wa tope na vuguvugu, wenye mafuriko ya kila mwaka yaliyosafisha changarawe wanazotagia. Baridi iliyomstawisha trauti iliwafukuza wao. Waliobaki wako chini zaidi mtoni, na sheria za Marekani zinawalinda kama viumbe walio hatarini kutoweka. Miaka yenye maji ya kutosha, wasimamizi wa bwawa hufungulia maji mengi kwa siku kadhaa msimu wa theluji kuyeyuka, ili kuiga mafuriko ya zamani kwa ajili ya samaki hao.

"Na siku hizo trauti anavuliwaje?"

"Siku hizo mto una nguvu kuliko miguu yangu. Nakaa nyumbani."

"Basi nitakuja," msichana anasema, "unifundishe kufunga nzi."